Kadi ya Arobaini na Moja

Mwaka wa hamsini na nne, Andrew Makori alipata kadi ya harusi yenye jina lake, imeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe.

Na hakuwa ameiandika.

Tulia nikuambie.

Andrew alikuwa mwandishi wa kadi mjini Kisii, meza yake ikiwa barazani kwa duka la Salat. Mwandiko wake ulikuwa mwembamba, mwepesi, kila "a" ina kamkia kanakopanda juu. Ungedhani kalamu haikugusa karatasi.

Kwa kadi, hakuwa na mpinzani. Kwa kibao cha duka, balaa tupu! Salat alimjaribu mara moja tu.

"Karani, hii maandishi inanong'ona! Mimi nataka ya kuita watu huko barabarani!"

Basi akabaki na kadi zake. Hadi Nyamira huko jirani, watu walioana kwa mkono wake. Aliandika majina ya wageni kwa mamia, lakini lake hakuna aliyewahi kumwambia aliandike. Yeye ni fundi, na fundi akimaliza kazi huenda zake. Jumapili alikula viazi peke yake, akiwawazia wale aliowaalika wakipakuliwa nyama. Ilimuuma, tena sana.

Siku moja Gesare, mjane wa kijiji cha Sironga, akaagiza kadi arobaini za harusi ya bintiye Bonareri. Andrew akaandika arobaini kamili, akamkabidhi.

Wiki iliyofuata akakuta nyingine chini ya kidau chake cha wino.

"Bwana Andrew Makori, karibu Sironga."

Kamkia kapo.

Akajiambia moyoni: Nimejialika mwenyewe! Upweke umenipanda kichwani mpaka naandika bila kujijua!

Na kwao, mtu wa kujialika karamuni husimangwa hadi kwa wajukuu. Akaificha kadi sandukuni. Siku ya harusi akajifungia chumbani.

Jumatatu Gesare akatokea na kikapu. Ndani mlikuwa na ugali wa wimbi na nyama, vimefungwa kwa jani la mgomba, vimeshapoa.

"Mwanangu, kiti chako kilikaa tupu. Nilikatalia watu wasikikalie."

"Mama, ile kadi... nani aliiandika?"

Gesare akatazama chini.

"Ni mimi. Shule sikuenda, wewe unajua. Lakini kadi zako nilikuwa naomba kwa majirani, nafuatisha na makaa kwa ukuta. Miaka miwili. Maandishi ya ubao wa kanisa ni manene, yananigombeza. Yako hayanigombezi. Salat akaniuzia kadi moja tupu, nikakuwekea chini ya wino wako."

Akasogeza kikapu mbele.

"Hiyo ndiyo kitu ya kwanza nimeandika maishani. Kuona haukukuja, nikajua nimeandika vibaya."

Andrew akakivuta kikapu. Akafungua lile jani, akala chote mbele yake, machozi yakimdondoka.

Akamsihi aandike tena. Gesare akacheka tu, akabeba kikapu chake.

Bonareri ni nyanya yangu, na Gesare ndiye aliyemzaa. Gesare hakushika kalamu tena mpaka anazikwa.

Ndugu yangu, ukiitwa, itika kwanza. Kama unastahili au hustahili, utajiuliza ukiwa umeshaketi.