Kitanda cha Heshima

Mwanangu, ipo siku naikumbuka mpaka leo, na mpaka leo sielewi nilikuwa nafikiri nini. Nilikuwa mkamwana mgeni hapa Igoma. Marehemu bibi yako, mama mkwe wangu, alikuwa amevuka na kivuko kutoka Sengerema aje kukaa nasi, maana miguu ilishaanza kumsumbua. Kwa furaha nikampa kitanda chetu cha harusi, cha mninga, kilichoinuka, na nilikuwa nimekipandisha tena juu ya matofali ili magunia ya mpunga yakae uvunguni. Sisi tukahamia chumba kidogo. Basi nikajiona mkamwana wa mfano!

Wiki haikuisha akaanguka. Ilikuwa asubuhi, nakoroga uji, nikasikia kishindo.

"Nimeteleza tu, mwanangu," akasema.

Keshokutwa yake, akaanguka tena. Baba yako akasogeza kitanda ukutani, akapanga mito ukingoni. Akaanguka tena, mkono ukavimba, tukampeleka hospitali. Nilichanganyikiwa. Usiku kucha haanguki, anaanguka kukishakucha! Na shuka limenyooka vilevile nilivyolitandika jana. Mtu anaangukaje kutoka kitanda ambacho hakukilalia? Jirani akaninong'oneza habari za kurogwa, nami nikaanza kuziamini, Mungu anisamehe.

Asubuhi moja nikaenda kumwamkia kabla sijawasha jiko. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikamwona anakunja mkeka, anausukuma nyuma ya magunia, kisha anaanza kupanda kitanda, goti moja juu, mkono bado una bandeji. Goti likateleza. Nikamdaka.

"Mama! Kumbe unalala chini?"

Akainamisha macho. "Huko juu naogopa. Lakini ningesemaje, na umenipa kitanda chako? Nikikutwa chini, watu watasema mkamwana wangu ananilaza kama mbuzi."

Kumbe hakuwa akianguka kwa kushuka. Alikuwa akianguka kwa kupanda, analinda jina langu. Niliona aibu, nikalia mbele yake. Siku hiyohiyo tukaondoa matofali, nikaita fundi akakata miguu ya kitanda, mpaka mama akikaa nyayo zake zote mbili zikakanyaga sakafu. Hakuanguka tena.

Kwa hiyo, mwanangu, mzee usimpe heshima kabla hujamuuliza. Tena muulize mkiwa wawili, maana mbele ya watu atasifu kila kitu. Mkalishe kitandani uangalie miguu inafika wapi. Awe na cha kushika anaponyanyuka, na taa asiyoitafuta kwa kupapasa. Ndoo na vizulia vinavyoteleza viondoke njiani kwake.

Nayasema haya kwa sababu kitanda ulichoniletea mwezi huu ni kizuri sana, nimekisifu kwa majirani wote. Shuka lake halijakunjika hata siku moja. Njoo na msumeno, mwanangu. Na Mungu akujalie uzee, akupe na watoto watakaokuuliza unalalaje.