Mtu Aliyeusomea Ukuta Gazeti

Tumempoteza mtengeneza bia. Najua baadhi ya wasomaji wangu, hasa wale wanaofungua safu hii baada ya swala au baada ya ibada, wamekwisha kukunja uso, lakini nawaomba wavumilie kidogo, kwa sababu marehemu ninayemzungumzia ameacha wafiwa hata miongoni mwa watu ambao hawajawahi kuonja kilevi. Alifariki wiki jana katika hospitali moja huko Meru baada ya kuugua figo kwa muda mrefu, na habari zilinifikia kwa simu, kupitia kundi la WhatsApp ambalo kazi yake hasa ni kuuziana mbuzi. Kati ya picha ya beberu mwekundu na sauti ya mtu anayelalamikia mnada, kulikuwa na mstari mmoja: "Daktari ametuacha." Mara tu chini yake mtu akaweka kidole gumba. Nataka kuamini alikuwa akimsifu beberu.

Daktari hakuwa daktari wa watu. Alikuwa afisa wa mifugo, mwenyeji wa kule milimani Meru, ambaye serikali ilimpeleka Merti akiwa kijana akachanje mbuzi na ngamia, kisha ikamsahau huko. Alihamia mjini kwetu Isiolo akiwa na Kiborana safi, magoti mabovu, na tabia ya kueleza mambo kwa kirefu kwa viumbe wasiomsikiliza. Wenzake wakistaafu hununua kinu cha kusaga mahindi. Yeye alitia kiinua mgongo chake chote katika mapipa ya chuma na kuanza kutengeneza bia ya krafti. Kwa asiyejua, krafti ni bia inayotengenezwa kidogo kidogo na mtu mwenye maringo. Ya Daktari ilikuwa ya mtama wa Tharaka na asali ya Kulamawe, nyeusi, yenye uchachu wa kumfanya mtu afumbe jicho moja. Siku ya kwanza nilipoinywa nilimwambia kwa upole kwamba nadhani imeharibika. Akaniangalia kama mbuzi aliyekataa sindano. "Haijaharibika," akasema. "Wewe ndiwe uliyeharibiwa na zile za chupa."

Lakini si bia iliyotufanya tumpende, maana wengine hatukuwahi kuizoea. Lilikuwa gazeti. Katika baa yake ndogo ya mabati hapakuwa na televisheni, kwa sababu, kama alivyosema, televisheni ni ya watu wanaokunywa haraka. Alinunua gazeti moja tu kwa siku. Saa kumi na moja jioni alipofungua mlango, alizima redio, akalitenganisha lile gazeti karatasi moja moja, na kila mteja akapewa glasi yake pamoja na karatasi yake. Ulisoma ukimaliza glasi, kisha ulisimama, ukawaeleza wenzako yaliyomo, ukaulizwa maswali. Aliyeshindwa kueleza hakuongezwa glasi ya pili. Nimewahi kumwona karani wa kaunti akirudishwa akasome upya habari za ukame, akaenda kuketi pembeni na kiu yake.

Baada ya muda kila mtu akawa na karatasi yake ya kudumu. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alishika matangazo ya vifo, na aliyatangaza kwa sauti ya kengele ya shule. Karani alikuwa na habari za nje, hivyo akawa mtu wa kwanza mjini kuwachukia mawaziri wa nchi asizoweza kuzionyesha kwenye ramani. Mfanyabiashara wa miraa alishika karatasi ya michezo, ambayo kwa bahati mbaya yangu nyuma yake ndipo inapochapishwa safu hii. Mimi nilipewa bei za mifugo. Kwa hiyo kila wiki nilikaa pale nikingoja kuelezwa nilichoandika. "Jamaa leo anasema nini?" Daktari aliuliza, bila kunitazama. "Amezunguka," muuza miraa alijibu. "Amezungukia nini?" "Sijui, Daktari. Bado hajafika." Wahariri wamenisahihisha miaka mingi, lakini hakuna aliyewahi kunifupisha namna hiyo.

Karatasi moja tu haikuwa na mwenyewe, nayo ni ile ya matangazo ya serikali: zabuni, minada ya magari mabovu, ilani za ardhi. Hakuna aliyeitaka, maana nani atasimama mbele ya watu wazima awaeleze zabuni ya kuchimba vyoo? Tukaifanya ya kuwekea glasi, meza isilowe.

Upande wa pili wa mabati yale palikuwa, na bado pako, duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja Mwislamu, wa zile familia ambazo babu zao waliletwa hapa wakiwa askari wa mkoloni. Ana malori ya kwenda Merti na sote twamwita Haji. Kila jioni alitoa benchi lake nje na kuegemea ukuta tuliopakana naye, nasi tulidhani anapumzisha mgongo. Hakuwahi kukanyaga kwa Daktari, hata kwa kuchungulia. Kwa hiyo jioni moja tulipomwona amesimama mlangoni, mguu mmoja juu ya ubao wa mtaro na mwingine barabarani, karani alificha glasi yake chini ya meza kana kwamba baba yake amefika.

"Salaam..." Haji akasita, akiipima salamu yenyewe kama inafaa kufikishwa mlango kama ule, kisha naona akaamua Mungu ataelewa. "Salaam aleikum. Daktari, toka kidogo."

"Ingia tu, Haji."

"Siingii. Redio yenu iko wapi?"

"Imezimwa. Saa hii ni ya gazeti."

"Basi hata baa itazimwa. Redio imesema na Kiswahili, ikarudia na Kiborana. Kesho asubuhi hao watu ya leseni wako holi. Kila baa inaenda na watu ya kuitetea. Ile haina mtu, inafungwa. Nyinyi mko hapa mnasoma mambo ya Ulaya!"

Mwalimu mkuu aliinua glasi yake polepole. Chini yake, ndani ya duara la maji, palikuwa na ilani ile ile, kwa herufi nene, na jina la mji wetu. Ilikuwa imelala pale siku kadhaa. Sisi tuliojiona wanywaji wenye habari kuliko wote kaskazini mwa Mlima Kenya tulikuwa tumeiwekea glasi hukumu yetu wenyewe. Daktari aliketi, akayatazama mapipa yake. Kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa ndani ya yale mapipa, na mkewe, ambaye hakuwahi kuafiki mpango ule, alikuwa akingoja tu siku ya kumwambia, "Si nilisema?"

Asubuhi tulikwenda holini sote, tumenyoa. Daktari alipopewa nafasi alianza na hamira. Akaieleza hamira tangu kuzaliwa kwake, na alipofika kwenye jotoridi mwenyekiti wa kamati, mama mwenye subira ya kutosha, alimkata: "Mzee, hii kitu yako ni chang'aa ama si chang'aa?" Daktari akatoa chupa mfukoni ili mama yule aonje mwenyewe. Askari akamkaribia. Ikabidi mwalimu mkuu asimame kutuokoa, lakini mdomo ulikuwa umezoea kazi yake, akaanza kwa sauti kuu, "Ni kwa masikitiko makubwa..." na holi zima likavua kofia. Muuza miraa, alipoulizwa kwa nini baa ile isifungwe, alisema katika nusu ya kwanza tumecheza vibaya lakini bado kuna muda. Mimi ninayeishi kwa maneno nilisimama, nikazunguka, sikufika.

Ndipo Haji akanyanyuka nyuma kabisa, na kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Watu wakanong'ona, wakidhani amekuja kuipinga.

"Mimi pombe sijui," akasema, "na Mungu anisaidie nisijue. Lakini hawa watu ni majirani yangu. Huko ndani wanasoma. Mmoja anasimama anasema, wengine wananyamaza, alafu wanabishana. Mimi nakaa nje kwa benchi yangu nasikia yote. Redio inasema mara moja inaenda. Hawa wanabishana mpaka naelewa. Kusoma yangu ni Kurani, gazeti siwezi. Sasa mkifunga hawa, mimi nitajua dunia na nani?"

Mwenyekiti akauliza kama kuna baa nyingine iliyo na shahidi asiyekunywa. Hapakuwa na hata moja. Leseni ikatoka kabla ya chakula cha mchana. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi tulikuwa na fimbo ya dunia nzima mikononi, na nyoka akauawa na mtu wa benchi la nje.

Daktari hakuwa mwepesi wa shukrani, lakini kesho yake tulimkuta na msumeno. Alikata dirisha dogo kwenye mabati, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi nje, na kuanzia siku hiyo kila aliyesimama kueleza karatasi yake aliamriwa aelekee dirishani. Ile ya matangazo ya serikali akaichukua mwenyewe. Naam, hata zabuni za vyoo alizisoma.

Kisha simu zikaja, maana yake zile kubwa za kukodolewa macho. Sitaki kuwalaumu vijana peke yao. Mwalimu mkuu ndiye aliyeanza, kwa kisingizio kwamba vifo siku hizi hufika mapema kwa WhatsApp. Mmoja mmoja tukaacha karatasi zetu mezani. Kila mtu sasa ana gazeti zima mfukoni, tena lisilokwisha, na halazimiki kumweleza mtu chochote. Baa ikawa na kicheko cha mtu mmoja hapa na kingine kule, kila mtu akichekea jambo lake. Tunajua mengi kuliko zamani, lakini hatuambiani, na mimi nadhani habari isiyosimuliwa kwa mtu mwingine ni umbea wa kujipiga mwenyewe. Daktari hakugombana na yeyote. Alisimama tu mwenyewe pale dirishani kila jioni, miwani puani, akalisoma gazeti lote kwa sauti kwa ajili ya mteja mmoja asiyewahi kununua kitu. Inaniuma kusema kwamba mara nyingine tulimwomba apunguze sauti.

Tulimzika nyumbani kwake milimani, na Haji alitoa lori la kubeba waombolezaji. Mjane amesema baa itaendelea, jambo ambalo lingemshangaza marehemu kuliko mtu yeyote. Juzi nilinunua gazeti nikaenda, lakini sikuingia ndani. Nilizunguka nikaketi kwenye benchi la nje. Haji alikuwa ameegemea mabati, akisikiliza kimya cha ndani.

"Huyu ameenda," akasema. "Nilimwambia mambo ya dini, akaniambia mambo ya dunia. Sasa nimebaki na nusu."

Nikafungua gazeti, nikaanza kumsomea, taratibu, kwa sauti ya kututosha watu wawili. Nilipomaliza habari ya kwanza akaniuliza kama wale wa ndani wanasikia. Nikamwambia sidhani, wako na simu zao.

"Basi soma na nguvu," akasema Haji, akisogea ili nilifikie dirisha. "Na hao pia ni majirani."