Pedali Mbili na Tromboni ya Baba Mdogo

Baba yangu mdogo alipiga tromboni katika bendi ya wafanyakazi wa reli hapa Lubumbashi. Alipofariki, kiongozi wa bendi alikuja kwa adabu kukichukua chombo, maana kilikuwa mali ya bendi.

Mwaka ulipotimia, ukoo ulipanga siku ya kumvua mama mdogo, mjane wake, nguo nyeusi za msiba. Wazee walinunua kitenge, shangazi zangu wakaandaa munkoyo, kinywaji cha mahindi. Mama mdogo alikubali yote, ila alitaka jambo moja: kabla ya kuvaa kitenge, ausikie wimbo ambao mumewe alikuwa akiupiga uani kila Jumapili, tena kwa sauti ile ile. La sivyo angebaki na nyeusi yake. Bendi ya reli siku hiyo ilitakiwa kwenye sherehe za chama tawala, na mwaliko wa chama haukataliwi. Macho ya watu yakanigeukia mimi.

Nilikuwa napiga gitaa katika baa moja ya komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, na nilijiona fundi. Nikaenda kumpigia mama mdogo wimbo ule. Alisikiliza huku akichambua maharage, kisha akasema sauti iko nyembamba. Nilikasirika, hasa kwa kuwa alisema kweli.

Kaka yangu, dereva wa lori, alikuwa ameniletea pedali ya ovadraivu, kisanduku cha kukanyagia kinachobadili sauti ya gitaa, kupitia mpakani Kasumbalesa. Ya distoshoni niliazima kwa mwenzangu wa baa. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, matope bado miguuni, nikaziunga zote mbili. Ya kwanza huichemsha sauti taratibu, ya pili huichanachana. Mimi na papara zangu nikafikiri unene unatokana na wingi, nikazungusha vifundo vyote vya sauti hadi mwisho. Ukatoka mngurumo wa mashine ya kusaga mahindi. Jirani akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama unga uko tayari.

Jioni tatu nilizozitumia baada ya hapo zilinifundisha kupunguza. Nilitanguliza ovadraivu, nikaifungua kidogo tu, lakini nikaipa nguvu ya kuisukuma ile ya pili. Distoshoni nayo nikaibana, nikaipunguzia ukali. Kila moja peke yake ilikuwa haina maana. Zikiwa pamoja, gitaa likapata kifua. Nikatelezesha kidole kwenye uzi mnene kama baba mdogo alivyokuwa akivuta bomba la tromboni, nikacheka peke yangu chumbani kwa furaha.

Kulikuwa na jambo moja tu. Baba mdogo hakuwahi kuumaliza wimbo ule sawasawa. Noti ya mwisho aliianzia chini, akaipandisha kwa kuchelewa, na kiongozi wake aligomba mpaka akachoka. Mimi niliisafisha noti ile, kwa heshima ya marehemu.

Siku ya sherehe ilikuwa alasiri nzuri, wanaume wamevaa abakosi, suti zisizo na tai, watoto wameshiba. Mama mdogo alikaa kwenye mkeka, kitenge mapajani. Nilipoanza, shangazi mmoja akageuka kutazama mlangoni kana kwamba marehemu anaingia. Nilipiga vizuri, nasema hivyo bila aibu. Nikamaliza kwa noti safi kabisa.

Mama mdogo hakuinuka. Nilidhani nimeshindwa. Akaniashiria nisogee.

“Njo ye,” aliniambia, yaani sauti ni ya mumewe hasa. “Lakini ye alikuwa anakosaka pale ku mwisho, mutoto yangu. Piga na ile makosa yake.”

Nikarudia wimbo. Nilipofika mwisho nikaianzia noti chini, nikaivuta juu ikiwa imeshachelewa. Wazee waliofanya naye kazi relini wakaangua kicheko, mama mdogo naye akacheka pamoja nao, machozi yakimtiririka. Sauti ilikuwa bado haijazimika kwenye gitaa alipoinuka na kitenge chake, akaingia ndani kubadili.