Kutiwa Utamu Mdomoni

Kwa miaka mingi Morsheda alichapa kadi za harusi za watu wengine. Duka lilikuwa uchochoroni nyuma ya Ngome ya Lalbagh, Dhaka ya zamani, na ndani ya ngome hiyo alikuwa hajaingia tangu safari za shule. Nani alipe kiingilio akaone ukuta anaouona kila siku dirishani? Kwa hiyo Lipi, mke wa kaka yake, aliposema Alhamisi ile, "Leo twendeni makumbusho, sisi wawili na Amma," Morsheda alipaswa kushtuka. Alishtuka baadaye, walipokwisha kukata tiketi, alipotambua kwamba mama yake amevaa sari ya Idi.

Mle ngomeni, kasri la liwali wa Wamughali, watawala wa kale wa Bara Hindi, siku hizi ni vyumba vya makabati ya vioo: panga, sarafu, mazulia yaliyopauka. Mbele ya kabati la panga alisimama bibi mmoja mnene, mkononi ana boksi la vitamu lililofungwa uzi mwekundu. Panga hakuzitazama. Alimtazama Morsheda miguu, kisha meno.

"Msalimie," Lipi akanong'ona. "Khala Khairunnesa. Mama yake yule wa Dammam."

Mtaa mzima ulimjua na kumwita Khala, yaani mama mdogo. Mwanawe aliendesha winchi Dammam, Saudia, na kurudi nyumbani kwa nadra, kwa likizo fupi. Binti hakuwa naye, na mpishi wa mwisho alitoroka na viatu mkononi. Watu walisema Khala hamtafutii mwanawe mke. Anatafuta mtu wa kumkanda magoti.

Mambo haya hayaulizwi kwa maneno. Mama wa bwana harusi humlisha binti kipande cha kitamu kwa mkono wake, na binti akikimeza mbele ya watu, basi, ameposwa. Atakayegeuka baada ya hapo ataifedhehesha nyumba nzima.

Khala akaanza kufungua uzi.

"Mama, humu chakula hakiruhusiwi," mlinzi akasema. "Panya."

"Panya wa Wamughali?"

"Wa serikali, mama. Hao ndio wabaya zaidi."

Uzi ukafungwa tena. Morsheda akaelewa kwamba humo ndani, madhali mlango ungali wazi kwa wageni, mdomo wake ni wake. Akaanza kusoma maandishi ya kila kabati. Sarafu alizisoma, akarudia kuzisoma.

"Binti anapenda elimu," Khala akasema.

"Mno," Lipi akajibu, huku akimfinya Morsheda mkono.

"Mmenileta kama mbuzi wa Idi, wifi," Morsheda akamnong'oneza.

"Mbuzi wa Idi hununuliwa akiwa na meno mawili. Wewe la mwisho limeshaoza."

Lipi hakuwa mtu mbaya. Nyumbani chumba kilikuwa kidogo, wanawe walilala sakafuni kando ya kitanda cha shangazi yao, na mvua zikinyesha maji yaliingia. Morsheda alilijua hilo kuliko yeyote. Kubaki kulimbana kifua, na kuondoka kulikuwa magoti ya Khala mpaka mmoja wao afe.

"Amma, ulijua?"

Mama yake alikitazama kioo. "Mimi nitaishi mpaka lini?"

Walinzi wakaanza kuzima taa, wakiwatoa watu chumba kwa chumba, kisha bustanini, hadi nje ya lango. Hapo boksi likafunguliwa. Khala akachukua donge jeupe linalochuruzika sukari.

"Fungua mdomo, mama."

"Nimefunga, Khala," Morsheda akasema. "Nalipa siku zangu za Ramadhani."

Mkono ukasimama hewani. Lipi akamgeukia Amma, naye Amma akainamisha kichwa. Macho ya Khala yakalowa.

"Wasichana wa leo, nani analipa? Huyu ndiye niliyekuwa namwomba." Akaketi kwenye ukingo wa ukuta, boksi mapajani. "Magharibi haiko mbali. Utafuturu kwa mkono wangu."

Wapita njia wawili watatu walikwisha simama kutazama. Morsheda akaona kwamba mlango wa mwisho ameufunga mwenyewe, kwa jina la Mungu juu yake. Akavuka hadi kwenye mkokoteni wa fuchka, vile vikombe vya unga vilivyokaangwa vikajazwa dengu na maji ya ukwaju. Fuchka haina adabu: huliwa nzima nzima, mdomo wazi kama wa kifaranga, na binti anayetazamwa haikaribii.

"Sahani moja, bhai. Pilipili usionee huruma."

Akatia ya kwanza. Maji ya ukwaju yakamtiririka kidevuni.

"Morsheda!" Lipi akasema.

Khala akainua mkono. "Mwacheni, amesahau. Aliyekula kwa kusahau, Mungu ndiye aliyemlisha. Funga yake ipo palepale."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Muuzaji mwenyewe akaivuta sahani kwake. "Dada, ungeniambia umefunga. Utanitia dhambini."

Morsheda akaishika sahani. "Sikusahau, Khala. Wala sikufunga. Asubuhi nimekula chapati na yai. Amma ndiye aliyekaanga."

Nyuso zote zikamgeukia Amma. Neno moja lake lingetosha: mtoto ana homa, hajui asemalo. Lipi alikuwa tayari anamtazama kwa kumsihi. Amma akaivuta sari ya Idi kichwani.

"Mayai mawili," akasema.

Khala alilirudisha donge boksini, akapangusa vidole. "Anayeisingizia funga atanidanganya hata dawa zangu," alimwambia Lipi, akaita riksho.

Walirudi kwa miguu, Lipi mbele. Kwenye kona ya uchochoro akasimama bila kugeuka.

"Basi kuanzia leo watoto watalala kitandani kwako."

"Na walale," Morsheda akasema.