Mbayuwayu wa Shimo la Udongo

Ndoa ilikwisha fungwa, lakini mke wangu alikuwa bado kwao. Mama yake alisema binti haingii nyumba isiyokandikwa. Nyumba yangu ya Mwananyamala ilikuwa makuti juu na fito tupu ubavuni. Udongo mzuri ulikuwa nyuma ya kwao, kwenye shimo lililochimbwa ndani kwa ndani mpaka likawa pango. Na darini mwa pango, mbayuwayu walikuwa wamejenga kiota.

"Hapachimbwi mpaka makinda waruke," mama mkwe akatuma neno. "Ndege hao ni heri."

Basi mie, msomi wa madarasa ya jioni, nikawa mlinzi wa makinda. Nikitoka kazini nalala chali pangoni natazama midomo: minne, ya njano, mipana kuliko vichwa vyenyewe. Wazazi wao walimaliza wadudu wa Dar es Salaam nzima, wakaniachia mbu wa kwangu tu. Kinda akishiba hugeuka, huinua mkia ukingoni, na anachoangusha humwangukia mtazamaji. Nilikuwa na shati jeupe moja.

Manyoya yakaota. Wakawa wanasimama ukingoni, wanapiga mabawa kama wasafiri, kisha wanakaa.

"Leo wameruka?" mke wangu akauliza uani kwao.

"Wamefikiria tu."

Hatimaye wakaruka. Nikafika mbio na jembe. Juu kiotani kichwa kikachungulia: mama yao anaatamia tena.

"Mwambie mama yako nitazeeka," nikamwambia mke wangu.

"Mwambie mwenyewe."

Alijua siwezi. Mkwe unamkwepa njiani, sembuse kubishana naye. Akacheka, akafunga vyombo vyake, akahamia kwangu fito zikiwa vilevile.

Haikupita wiki, mama mkwe akatuletea mihogo. Mie nimekaa ndani kifua wazi, wali umejaa mdomoni. Akaniona mzima mzima kupitia fito, nami nikamwona. Alijifunika khanga usoni, akanipa mgongo.

"Mwanangu," akamwambia binti yake, "mwambie mumeo akachimbe leo."

"Na ndege, mama?"

"Si wako juu? Achimbe chini, taratibu. Wao inawahusu nini?"

Jioni ile nilichimba udongo wa kukandika nyumba zote mpaka Magomeni, huku nanung'unika peke yangu: chini kulikuwapo tangu mwanzo.