Wale Saba Mlangoni

Ilianza Jumatano, saa tisa na nusu alasiri. Bibi alikuwa ukumbini juu ya mkeka anashona kofia, jirani yetu yuko ubavuni pake anachagua mchele wake, maana kwake, anasema, hakuna hadithi. Mimi nimeegemea ukuta, kitabu kiko mapajani.

Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, nimekiazima skuli. Mtoto yatima amemwibia mfalme mchawi kivuli chake, amekikunja akakitia kwenye kijisanduku, na watumishi saba wa mchawi wanamsaka nchi nzima. Kila alasiri nasoma kurasa chache kimyakimya, kisha nawasimulia kwa Kiswahili. Skuli, mwalimu akiita majina, huniuliza mara mbili kama nipo. Lakini mbele ya bibi nasema mpaka koo linakauka. Natoa sauti ya mchawi, natoa na ya farasi wake. Sina saa nyingine kama hiyo katika siku nzima.

Jumatano hiyo wale saba walimpata mtoto. Amelala kibandani kwa mchunga mbuzi, mlango wazi, kijisanduku kiko chini ya kichwa. Wakasimama mlangoni wote saba, wakamtazama. Kisha wakageuka, wakenda zao.

Sindano ya bibi ikasimama.

"Wakenda zao kwa nini?"

"Hakisemi, bibi."

"Wamechoma vijiji viwili, wamevuka mto wa barafu, wamemfikia mtu wao kalala. Wakenda zao?"

"Ndivyo kilivyoandikwa."

"Umeruka," akasema bibi.

Jirani akainamia ungo wake akicheka. Na kusema kweli bibi alikuwa na haki. Wiki iliyotangulia niliruka kurasa mbili na nusu, za binti mfalme na nahodha, kwa sababu maneno yale nisingeweza kuyatamka mbele ya bibi yangu hata kwa bakora. Nikasahau kwamba mambo yale yana matokeo. Siku ya pili yake binti mfalme akatokea na mtoto mchanga mkononi, na jirani akauliza harusi ilikuwa lini, mbona yeye hakualikwa.

"Safari hii sikuruka, wallahi," nikasema.

Bibi akakichukua kitabu, akakifunua kwa upande wa kulia kama afunuavyo juzuu, akajikuta yuko ukurasa wa mwisho. Herufi za Kiarabu bibi huzisoma haraka kuliko mimi. Hizi za Kizungu hazijui hata moja. Akazitazama kidogo, akanirudishia.

"Basi tukiweke kitabu mpaka nijue," akasema, akarudi kwenye kofia yake. Alasiri ile ikawa ndefu. Nilijaribu kusaidia kuchagua mchele nikatupa chenga pamoja na mawe, jirani akaniambia nikae nilipokuwa.

Alhamisi baada ya kengele ya mwisho nilikwenda darasani kwa mwalimu wetu wa Kiingereza. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amenipa mgongo, anasahihisha madaftari. Nikapiga hodi, lakini hodi yangu hata mimi sikuisikia vizuri. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu, akafunua daftari jingine. Hodi tatu zimekwisha na hakuna aliyesema karibu, nikaondoka.

Nyumbani nikaeleza yote kama yalivyokuwa.

"Uliambiwa karibu?" bibi akauliza.

"Sikuambiwa."

"Basi ulifanya adabu kuondoka." Akavuta uzi. "Na wale saba, walipiga hodi?"

Nikafunua kitabu, nikatafuta. "Hakisemi."

"Labda walipiga. Mtoto kalala, hakuitikia, wakaondoka."

"Bi Mkubwa, nawe," akasema jirani. "Mtumishi gani wa mchawi angojaye karibu? Yule mwizi aliyechukua kuku wangu mbona hakungoja?"

"Huyo hakulelewa."

"Na wachoma vijiji wamelelewa?"

Bibi akacheka mpaka akaiweka kofia chini. Kisha akanitazama mimi. "Mjukuu wangu, hapo jirani kasema kweli. Na mie nilikwambia umeruka, na nilikwambia mbele ya mtu. Kama hukuruka, nataka nilirudishe neno langu mbele ya huyohuyo. Lakini nilirudishe kwa kujua, si kwa kukuonea huruma. Kesho ntakwenda mwenyewe kwa huyo mwalimu wako."

"Utakwenda skuli, bibi?"

"Kwani skuli wanauma?"

Niliiona safari yote: bibi na buibui lake, kofia mkononi maana haiwachi, anapita uwanjani wasichana wote wakimtazama, anapiga hodi ya kusikika mtaa wa pili, anauliza kwa nini wale saba waliondoka. Simwonei haya bibi yangu. Au labda namwonea kidogo, na kuandika hivyo kunaniuma kuliko lile neno la kuruka.

Asubuhi ya pili nilitoka kabla ya chai, bibi bado yuko kwenye msala anavuta tasbihi. Mwalimu ndiyo kwanza anafungua madirisha. Nikapiga hodi kwa nguvu nyingi mno, akashtuka, akasema karibu. Nikamwonesha ukurasa, nikamuuliza.

Akausoma amesimama, akasoma na wa mbele na wa nyuma yake. "Nshakisoma mara nne," akasema, "na sikuwahi kujiuliza. Hakisemi popote. Aliyeuliza ni weye?"

"Ni bibi yangu, Mwalimu. Anadhani nimeruka."

Mlangoni wasichana wa darasa langu walikuwa wameanza kuingia. Nikamwambia, mbele yao, kwamba namwomba leo akitoka kazini aje kwetu, aketi ukumbini, na maneno hayo aliyoniambia mimi amwambie bibi, na jirani awepo.