Chungwa la Turi

Juzi niliona dukani matunda madogo ya lozi na sukari, ikanirudia harufu ya nyumba ya Bibi Nunzia kule ughaibuni, Hyattsville: kahawa, mishumaa na dawa ya kuchua.

Mama alikuwa ameajiriwa kumtunza bibi huyo. Siku moja mwanzoni mwa Novemba, nikiwa mdogo, shule ilifungwa, akanichukua. Bibi alinipa chungwa dogo la lozi na sukari. "Kakuletea kaka yangu Turi," alisema. "Na usituite Waitaliano. Sisi ni Wasisilia, watu wa kisiwani."

Mama, mtu wa Tanga, alinifunza kwamba ukipewa kitu sharti umwamkie aliyekupa. Nikauliza kaka yuko wapi. Bibi akanionyesha chumba ambacho mlango wake ulikuwa umeegeshwa.

"Shikamoo," nikasema mlangoni.

"Marahaba," ikajibu sauti nzito, nami nikala chungwa langu kwa raha.

Sasa najua kwamba kwa Wasisilia, siku ya kuwakumbuka wafu, mwanzoni mwa Novemba, marehemu ndio huwaletea watoto zawadi. Nikidhani Bibi ndiye aliyeniigizia sauti ya kaka yake, nikampigia mama simu kumuuliza kama alimfundisha Bibi kuitikia shikamoo.

"Nimfundishe lini? Mimi na yeye tulikuwa jikoni tulipoisikia sauti ile. Ndiyo maana sikukupeleka tena."